Nani Anaingia kwa Mama?

Uppsala, mwishoni mwa Februari 2021

Ndugu zangu wa Tanga,

Ujumbe wa sauti wa Shangazi mmeusikia nyote. Anasema Wazungu hawana huruma: mama mzazi wanamtupa nyumba ya wazee, na ugonjwa ukija wanamfungia mlango afe peke yake. Akamalizia kwa kumshukuru Mungu kwamba Mama yetu yuko Ngamiani, katikati ya watu wake. Wote mkaitikia amina. Mimi nilinyamaza, na leo naomba ruhusa nijibu. Shangazi, niwie radhi, kwa sababu nimekasirika.

Mama mkwe wangu hapa Sweden hakutupwa. Ana miaka 88, amepooza upande wa kushoto, na usiku wanatakiwa watu wawili kumgeuza kitandani. Anapoishi ni nyumba ya wazee ya manispaa. Ana chumba chake chenye choo na jiko dogo la kuchemshia kahawa, ana kabati alilorithi kwa mama yake, na ukuta mzima ni picha za wajukuu. Kodi ya chumba na chakula analipa kwa pensheni yake. Ada ya matunzo ina kikomo kisheria, na kinachobaki hubebwa na kodi tunazokatwa sisi wafanyakazi. Kabla ya korona, mume wangu alikuwa akipita kwake karibu kila jioni.

Kisha tarehe 1 Aprili mwaka jana serikali ya Sweden ikapiga marufuku kutembelea nyumba za wazee nchi nzima. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwisho wa Septemba. Wahudumu walimshikia simu ya video aongee na mwanawe. Bibi wa watu akamwona kwenye kioo, akaichukua ile simu, akaigeuza nyuma kumtafuta alikojificha. Mume wangu siku ile hakuweza kusema neno tena.

Jua lilipoanza kutoka tukaruhusiwa kukutana uani: benchi lake, benchi letu, mita mbili katikati, yeye kafunikwa blanketi mpaka kidevuni. Ni mzito wa kusikia, maneno huyasoma midomoni mwa mtu, kwa hiyo ukivaa barakoa hakusikii kabisa. Tukawa tunapaza sauti. Habari za uchumba wa binti yetu zilijulikana kwa wazee wa ghorofa tatu kabla hazijamfikia bibi yake.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mlango ulifungwa, na ugonjwa ukaingia vilevile. Karibu nusu ya watu waliokufa kwa korona nchini humu mwaka jana walikuwa wakaazi wa nyumba hizi. Uliingia na nani, ikiwa watoto walizuiwa? Uliingia na wale walioruhusiwa kuingia. Wahudumu wengi hapa wanalipwa kwa saa, huyu na yule wanapokezana kumhudumia mzee mmoja, na miezi ile ya kwanza vifaa vya kujikinga vilikuwa haba. Wengi wao ni wahamiaji kama mimi, siwalaumu hata kidogo. Walikwenda kazini wakati wengine tumejifungia. Tume iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti yake Desemba, ikasema waziwazi kwamba mkakati wa kuwalinda wazee umeshindwa, na mfalme naye akatamka hadharani kwamba wameshindwa. Hilo nawasifu. Walihesabu maiti zao, wakakubali kosa, kisha chanjo ilipofika tarehe 27 Desemba wa kwanza kuchanjwa alikuwa bibi wa miaka 91 katika nyumba ya wazee, mjini Mjölby. Mama mkwe ameshapata dozi zote mbili.

Kwa hiyo, Shangazi, huyo wa nyumba ya wazee siku hizi hanikoseshi usingizi. Anayenikesha ni Mama wa Ngamiani.

Huko kwetu Tanzania takwimu za korona hazijatangazwa tangu mwaka jana. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ametutoka tarehe 17 mwezi huu, na chama chake kilikuwa kimeshasema kwamba ana korona. Nyie wenyewe mnaniambia misiba imefuatana, kila marehemu alikuwa na “changamoto ya kupumua”. Na katika hali hiyo Mama, mwenye presha na sukari, bado anaketi kwenye mkeka sebuleni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu, kila anayeingia anambusu mkono. Mnamfukiza kwa majani ya mwarobaini na wajukuu wawili chini ya blanketi moja, mmoja wao anakohoa! Nimeiona picha, mmeipiga kwa furaha. Mapenzi hayo nayajua, yamenilea. Ila korona inapita humo humo kwenye mapenzi.

Sisemi mumfungie Mama ndani. Ninachowaomba ni hiki. Mkeka utolewe nje, chini ya mwembe, na wageni wamwamkie wakiwa wamesimama mbali. Shikamoo ya mbali ni shikamoo. Achaguliwe mtu mmoja wa kumhudumia, binamu yetu wa nyumba ya pili anafaa kwa vile haendi sokoni kila siku, na avae barakoa akiwa karibu naye. Chakula apakuliwe chake, asile sinia moja na watu. Anayetoka Dar akae kwingine siku kumi kwanza, hata kama ni kitinda mimba wake. Usiku madirisha yawe wazi, nyavu za mbu nitalipia mimi. Dawa za presha zisikatike. Na kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni nimekituma kwa mgeni anayekuja wiki ijayo: kikisoma chini ya 94, Mama apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asubuhi isingojewe, na mafusho yasitangulie. Chanjo ikija nchini, hata mtu aseme nini juu yake, Mama awe mbele ya foleni.

Najua mtaniambia nimekuwa Mzungu. Semeni. Nilimwona mwanaume mzima akiongea na mama yake kwa simu na kutoka benchi la mbali kwa miezi sita, na siku aliporuhusiwa kuingia alimkuta mama yake yupo. Mimi nataka nimkute wangu.

Kuna arobaini ya jirani Alhamisi. Mama asiende. Mfiwa nitampigia mwenyewe nimtake radhi, na ubani nitautuma leo. Mama atakasirika sana, hilo nalijua. Mwambieni ni mimi niliyekataza, na simu yangu iko wazi anigombeze atakavyo.