Chetezo Jikoni



Ramadhani moja iliyoangukia mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa ukingoni na joto la Mombasa limefika upeo wake, mama wa wanangu alishikwa na kizunguzungu jikoni muda mchache kabla ya adhana ya Maghrib. Wakati huo mimi nilikuwa sebuleni pamoja na wageni wangu, chini ya kiyoyozi, tukizungumzia fadhila za subira. Tulimlaza, tukampepea, akafuturu, akapata nafuu. Sote tulisema ni uchovu wa swaumu. Nami, kwa kutaka kumridhisha, niliazimia kununua kiyoyozi cha pili kiwekwe chumbani.

Baada ya Idi alikuja kututembelea mpwa wangu, ambaye kazi yake huko Uingereza ni kukagua nyumba za zamani ili zitengenezwe zitumie kawi kidogo. Nilipomweleza nia yangu aliniuliza, “Mjomba, umeikagua nyumba?” Nilicheka. Nyumba niliyozaliwa ndani yake nitaikaguaje? Akanifahamisha kuwa kule kwenye baridi mkaguzi hutafuta mahali joto linapovujia nje. Huku kwetu kazi ni hiyo hiyo, ila kwa kinyume chake: tutafute joto laingilia wapi, na lashindwa kutokea wapi. Tabibu haandiki dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Tulichukua daftari, kipimajoto cha ukutani na chetezo chenye udi. Kwa siku tatu tulizunguka chumba baada ya chumba, mara tatu kila siku: baada ya Alfajiri, baada ya Alasiri na baada ya Isha. Kipimajoto kilitwambia joto ni kiasi gani, na moshi wa udi ukatuonyesha njia ya upepo. Sebuleni moshi ulielekea dirishani ukatoka. Vyumbani ulitoka polepole. Jikoni ulipanda hadi darini, ukatanda, kisha ukaturudia machoni. Alasiri ya siku ya kwanza kipimajoto cha jikoni kilisoma nyuzi 38, na cha sebuleni, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, nyuzi 32.

Nilimuuliza mke wangu joto hilo lilianza lini. Alinitazama kitambo, kisha akasema, “Leo ndiyo mara ya kwanza kuniuliza.”

Akaeleza yote bila ya kipimo chochote. Lilianza mwaka ule nilipoufunika kwa mabati ua wa ndani, ambako mlango wa jiko hufungukia, ili nipate mahali pa kuweka vitabu vyangu. Likazidi nilipoamuru matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta wa jiko yazibwe, kwa sababu ya paka. Alijua kuwa ukuta wa magharibi huanza kuchoma saa tisa. Alijua pembe ya kusimama ili apate upepo wa kusi, na miezi ambayo upepo huo haumfikii. Yaliyotuchukua siku tatu kuyaandika, yeye alikuwa nayo kifuani kwa miaka.

Nilitahayari, ndugu zangu. Ni mara ngapi nimesimama juu ya mimbari nikikemea israfu? Ni mara ngapi nimewasomesha vijana riwaya ya Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani katika kuwahudumia watu wake? Nami niliwanunulia wageni ubaridi, nikamzibia pumzi anayewapikia.

Tulimwita fundi. Matundu yalifunguliwa, yakawekwa wavu wa chuma ili paka wasipite. Mabati ya uani yaliinuliwa, yakaachiwa nafasi ya shubiri mbili pande zote, kwa kuwa hewa ya moto hupanda nayo yataka pa kutokea. Juu yake tukapaka rangi nyeupe, ambayo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Dirisha la magharibi tulilitundikia pazia la mianzi upande wa nje, maana jua lililozuiwa nje ni bora kuliko lililokwisha kuingia ndani. Vitabu nimevihamishia chumbani kwangu.

Kiyoyozi cha pili hakikununuliwa. Jikoni sasa alasiri ni nyuzi 33. Bado ni joto, na ghorofa ya jirani inayoziba upepo wa kusi hatuna la kuifanya. Lakini moshi hutoka, naye hupika bila ya kuegemea ukuta.

Tulikagua umeme pia. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Kiyoyozi cha wati 1,000 huimaliza kwa saa moja. Feni ya wati 60 hukaa nayo karibu saa 17. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Katika mlango wa friji bana kipande cha karatasi: kikichomoka bila ya kukaza, mpira umechoka na ubaridi wapotea. Kabla ya kulala andika yuniti zilizosalia katika mita, uzitazame tena Alfajiri, ujue nyumba imekula kiasi gani nanyi mmelala.

Wanaoishi katika nyumba za mawe za Mji wa Kale au za Lamu nawausia wasiharakishe kuzipiga plasta ya saruji kuta za matumbawe na chokaa, kwani saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta. Na kabla ya kubadilisha chochote, waulize kwanza wahusika wa hifadhi.

Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Sura An-Nahl ametuhesabia nyumba zetu kuwa ni neema na mahali pa utulivu. Basi mwenye nyumba na ajiulize, utulivu huo wamfikia nani, na wakomea mlango upi? Ukaguzi uanzie jikoni, na swali la kwanza aulizwe yule ashindaye humo. Nanyi mama zetu, msingoje kuulizwa kama alivyongoja wangu. Semeni.

Mola azijaalie nyumba zetu baraka, na atusamehe tulipowasahau walio karibu nasi mno. Wabillahi tawfiq.