Pete Iliyogoma Kutoka



Huku Musoma sisi ni mafundi wa magauni ya harusi, na wateja wengine hutujia kutoka Bunda na Butiama. Bi harusi wetu mmoja wa Bunda alirudi na mimba yake ya kwanza, ya miezi saba, tumwachie gauni la Idi mikononi. Tukaachia. Baada ya wiki mikono ikabana tena. Tukaachia tena, tukamtania kuwa huyo ni dume. Pete ya ndoa ilikuwa imegoma kutoka na kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Tukampa dawa ya maumivu, aibu yetu.

Usiku ule mama mkwe alimkimbiza hospitali. Presha 170 kwa 110, na protini kwenye mkojo. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Akapasuliwa mapema. Mtoto alikuwa mdogo mno, lakini wote wawili wako hai, alhamdulillah.

Kuna waliosema ni jini. Dua tuliomba, na tutaomba, ila hili lina maelezo yake.

Mishipa midogo ya damu ina bitana ndani kama koti. Bitana hiyo ni seli hai, nazo hupokea ujumbe wa protini iitwayo VEGF, unaozifanya zikae imara na kuuacha mshipa ulegee vizuri. Kwa mjamzito mwenye tatizo hili, kondo la nyuma humwaga kwa wingi protini nyingine, sFlt-1, inayoudaka ujumbe huo njiani. Bitana inachoka: maji yanavujia usoni na mikononi, figo zinapitisha protini, mishipa inabana, presha inapanda. Mwaka 2003 Dk. Ananth Karumanchi na wenzake huko Boston, Marekani, waliwaongezea panya wajawazito sFlt-1, na dalili zikawa zilezile.

Kwa hiyo dawa ya presha hutuliza tu. Chanzo ni kondo, na hata likishatoka mama huangaliwa siku kadhaa. Mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi, maharusi wetu. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki 20, au kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, maumivu chini ya mbavu, usingoje kesho.

Siku hizi mjamzito akileta nguo ya kuachia, tunamuuliza kwanza lini alipima presha na mkojo. Wengine hununa: “Nimekuja kwa fundi au kliniki?”