Upinde wa kwanza wa binti yetu



Wengine wanatuambia upinde ni kitu cha wanaume. Lakini kwa Waluba wa hapa Katanga, kiegemeo cha pinde za mfalme kilichongwa kwa sura ya mwanamke, na mwanamke ndiye aliyekilinda.

Basi binti akiomba upinde, tusimkatalie. Tumchagulie mwepesi: kwa mtoto, uzito wa kuvuta wa kilo 5 hadi 7, kwa mama anayeanza, 8 hadi 10. Akitetemeka anapovuta, ni mzito. Tununue ule wa vipande vitatu: akipata nguvu, tutabadilisha cha juu na cha chini tu, makuta yetu yapone.

Tena tumfundishe: kamba haiachiliwi bila mshale, upinde hauelekezwi kwa mtu. Binti anayesimama wima na kulenga anajifunza kutoogopa macho ya watu.