Bildi ya Babu

Msomaji mpenzi, hapana shaka umepata kuisikia methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi ni mwalimu, na methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi. Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu maana yake. Mikono mingi ikainuka. Mvulana mmoja akasema kuwa mtu, azunguke atakavyo, mwisho hurudi kwao. Jibu lilikuwa sahihi, nami nikamsifu. Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma akasimama kwa adabu akaniuliza, "Mwalimu, tezi ni nini? Na omo je? Na ngama?"

Darasa zima likanyamaza. Katika wanafunzi 40 hapakuwa hata mmoja aliyejua kwamba tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni mahali pa chini ndani ya chombo, yanapokusanyika maji yavujayo. Na shule yetu iko Mombasa, upepo wa bahari huingia madirishani mwake! Walikuwa na methali ile kama mtu aliyerithi kasha lililofungwa: hulibeba huku na huko, lakini ufunguo hana.

Niliwaeleza, nao wakaandika. Lakini swali lile lilinifuata hata nyumbani, maana lilinikumbusha kosa nililolitenda utotoni. Kosa hilo nitakusimulia leo, si kwa kujivunia, bali kwa kuwa mwenye jeraha ndiye ajuaye mahali penye mwiba.

Nilizaliwa Lamu. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Kwa miaka mingi alipakia boriti za mikoko akazileta Mombasa, akarudi na unga, sukari na nguo. Nilipopata akili, yeye alikuwa amekwisha kuiacha bahari, kwa sababu ya uzee. Chini ya kitanda chake palikuwa na kasha, na ndani ya kasha mlikuwa na bildi.

Huenda hukupata kuiona bildi, kwa hiyo nitakueleza. Ni kipande cha risasi, kirefu na kizito, chenye tundu juu la kupitishia kamba na kishimo katika kitako chake. Kamba ilitiwa alama katika kila pima: hapa fundo, hapa kipande cha ngozi, hapa kitambaa, ili baharia aweze kuisoma kwa vidole usiku wa giza. Kishimo cha chini kilijazwa shahamu. Bildi ilipotupwa majini ikagusa chini, kamba ilitaja kina, na shahamu ilipanda na habari za huko: mchanga, au tope, au vipande vya matumbawe. Babu aliniambia kuwa nahodha hodari aliweza kulitazama tope lile, akalinusa, akasema, "Sasa tuko mahali fulani," hali macho yake hayaoni pwani wala taa.

Nilikuwa na umri wa miaka 10. Mimi na wavulana wenzangu tulikuwa tukitengeneza wavu, tukakosa chubwi za kuuzamisha. Nikalifungua kasha la babu bila idhini, nikaichukua bildi. Tuliiyeyusha katika kopo juu ya makaa ya vifuu, tukaimimina katika vishimo tulivyochimba mchangani, tukapata chubwi za kututosha. Tulifurahi sana. Wavu wenyewe haukudumu hata mwaka mmoja.

Babu alipogundua hakunipiga. Aliitazama kamba iliyobaki, akapitisha vidole juu ya mafundo yake, moja baada ya jingine. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, risasi si kitu, hupatikana. Ulichokiyeyusha ni maswali ambayo ungekuja kuniuliza." Sikumfahamu. Baada ya miaka michache alifariki dunia, nami sikuwa nimemwuliza hata swali moja.

Tangu hapo nimeona kwamba kosa nililolitenda mimi kwa udogo, watu wazima hulitenda kwa ukubwa. Chukua habari za mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha pwani yetu hii, uliojulikana sana katika visiwa vya Lamu na kwa Wabajuni. Mbao zake hazikupigwa misumari ya chuma. Zilishonwa kwa kamba za nazi, ubao kwa ubao, kama nguo. Tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Chombo hicho kilibeba boriti na watu kwa karne nyingi. Lakini majahazi yaliyopigiliwa misumari yaliupita, na kufikia katikati ya karne ya 20 mitepe ilikuwa imetoweka baharini. Leo, ukienda katika jumba la makumbusho la Lamu, utauona mtepe mdogo wa kuigiza, usioweza kumbeba hata paka.

Mwaka 2003, huko Unguja, ulijengwa mtepe mwingine wenye ukubwa wake kamili. Waliojenga iliwabidi kujifunza kwa mifano midogo na picha, kwa kuwa mikono iliyojua kushona ilikuwa imekwisha kuzikwa. Kazi yao ilistahili sifa. Mtepe ule uliwekwa katika Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Mbele ya jumba hilo zamani palisimama mnara wa taa wa kuwaonyesha mabaharia njia ya bandarini. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga, katika vita visivyotimia saa moja, na mnara ule ukaharibika vibaya. Mahali pake palichukuliwa na mnara wa saa, uliojengwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Na huo nao haukudumu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu 2 wakapoteza maisha yao.

Hebu tafakari, msomaji. Mnara wa kwanza ulivunjwa na mizinga, na wa pili ukavunjwa na uchakavu. Adui wa kwanza alikuja kwa kishindo, kila mtu akamsikia. Wa pili alikuja kimya, katika tone la mvua na ufa wa ukuta, na aliyemwona alidhani kesho ingalipo. Katika maadui wawili hao, mimi namwogopa zaidi wa pili, kwa sababu huyo hukaa nasi nyumbani.

Lakini si haki nikueleze hasara peke yake. Kusini ya mji wa Unguja, mwendo wa kilomita 12 hivi, kiko kisiwa kidogo cha Chumbe. Hapo Waingereza walijenga mnara wa taa mwaka 1904. Mwaka 1926 taa yake iligeuzwa ikawa ya gesi. Mwaka 1994 kisiwa na matumbawe yake viliwekwa chini ya hifadhi. Wavuvi walifundishwa wakawa walinzi wa mahali walipokuwa wakivua. Nyumba ya mtunza taa, iliyokuwa gofu, ilitengenezwa ikawa mahali pa kupokelea wageni, na watoto wa shule za Unguja wamepelekwa huko kujifunza habari za bahari. Kwa nini mnara wa Chumbe ulisalimika? Jibu langu ni kwamba haukuachwa kuwa jiwe tupu. Palikuwa na watu wa kuulinda, watu wa kuueleza, na watoto wa kuuliza.

Basi hapo ndipo nilipoyafahamu maneno ya babu. Urithi wa bahari una sehemu tatu: kitu chenyewe, jina lake, na ujuzi wa kukitumia. Kitu kikipotea, jina huning'inia bila mahali pa kutua, kama tezi na omo katika vinywa vya wanafunzi wangu. Ujuzi ukipotea, kitu huwa pambo la kukusanya vumbi. Atakaye kuhifadhi kimoja na avihifadhi vyote vitatu.

Jumamosi moja niliwachukua wanafunzi wangu hadi Ras Serani, ulipo mnara wa taa wa Mombasa. Watu wengi huenda huko jioni kula mihogo na kunywa madafu wakipunga upepo. Niliwaonyesha meli zikiingia Kilindini, nikawaeleza kwamba jina hilo latokana na kilindi, yaani maji yenye kina kirefu. Karibu nasi aliketi mzee mmoja mwuza madafu. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo, babu." Naye akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu." Yule msichana wa swali la tezi akamwuliza kama aliwahi kusafiri kwa jahazi. Mzee akaweka panga lake chini. "Miaka 20," akasema. Kisha akaanza kutaja foromali, mlingoti, tanga, usukani, dasturi; na kila neno alilionyesha kwa mikono, kana kwamba chombo kiko mbele yake. Madaftari yakajaa. Tulipoaga, alisema neno ambalo sijalisahau: "Miaka yote nimekaa hapa, watu huniuliza bei ya dafu tu."

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa wavuvi nikanunua chubwi chakavu za risasi. Fundi mmoja akaniyeyushia, akanitengenezea bildi kwa mchoro nilioufanya kwa kumbukumbu. Nikatia kamba, nikafunga fundo katika kila pima. Tuliitupa kutoka gatini, na kamba ikasema pima tatu. Shahamu ilipanda na tope jeusi. Msichana yule akalinusa, akaniuliza, "Mwalimu, tope hili lasema nini?"

Nilisimama na kamba mkononi, sina jibu. Risasi nilikuwa nimeirudisha, kama babu alivyosema kuwa hupatikana. Lakini kusoma tope sikujua, na aliyekuwa tayari kunifundisha nilikuwa nimemwacha azikwe na elimu yake. Nikamwambia mtoto yule, "Sijui. Tumpelekee mzee wa Ras Serani." Tukalifunga tope katika jani, tukaenda.

Na wewe, msomaji, si lazima uwe mtu wa pwani ili maneno haya yakuhusu. Kama kwenu ni Ziwa Victoria, iko mitumbwi na wapo waijengao. Kama kwenu ni bara, wapo wafua chuma, wafinyanzi na wafuga nyuki. Majumba ya makumbusho ni mema, na minara ya taa inastahili kutengenezwa kabla ufa haujawa pango. Lakini ghala kubwa kuliko yote lina nywele nyeupe, na limeketi barazani kwenu jioni hii. Halina kufuli wala kiingilio. Nenda ukaamkie, ukae, uulize, uandike. Usingoje kama nilivyongoja mimi, kwa maana mnara ukianguka huweza kujengwa tena, ama swali lililochelewa halina wa kulijibu.