Vimbunga vya Miami na vya Bahari ya Hindi: Nani Hupima, Nani Hutoa Jina

Mswahili aliyehamia Florida huzoea mapema kwamba habari za kimbunga, kuanzia jina hadi daraja, hutoka katika ofisi moja, yaani Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichopo Miami, ambacho hutoa jina upepo unapofikia kilomita 63 kwa saa na, ukifika 119, hukipanga kimbunga katika kipimo cha Saffir-Simpson chenye madaraja 5. Majina hurudiwa kila baada ya miaka 6, isipokuwa yale yaliyoandamana na msiba mkubwa, kama Katrina la mwaka 2005, ambayo huondolewa.

Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kazi hiyo imegawanywa. Anayepima ni kituo cha Ufaransa kisiwani Réunion, lakini mwenye kutoa jina ni Morisi ikiwa dhoruba ipo mashariki mwa longitudo ya nyuzi 55, au Madagaska ikiwa ipo magharibi yake. Ndiyo maana Hidaya, kilichoisogelea pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024 na kuishiwa nguvu kilipofika Mafia, kilipewa jina na Madagaska, ingawa Tanzania na Kenya nazo huchangia majina katika orodha.

Linalopotosha zaidi ni vipimo. Miami hutafuta wastani wa kasi ya upepo kwa dakika 1, Réunion kwa dakika 10, na kwa kuwa muda mrefu huchanganya vipindi vya ukali na vya utulivu, kimbunga kilekile huonekana dhaifu zaidi katika hesabu ya Réunion. Isitoshe, Réunion hutumia maneno badala ya namba: dhoruba ya wastani, dhoruba kali, kimbunga kuanzia kilomita 118, kimbunga kikali kuanzia 166, na kikali mno kinapozidi 212. Ndugu aliyeko Tampa anayepiga simu Mtwara kuuliza “ni daraja la ngapi?” anauliza jambo ambalo taarifa ya huko haina.

Hata hivyo, ngazi zote mbili hupima upepo tu, na huo ni upungufu mzito kwa watu wa mabondeni. Machi 2019 mgandamizo mdogo wa hewa uliingia Msumbiji ukaleta mafuriko huko na Malawi ukiwa bado haujafikia kiwango cha kupewa jina; uliporudi baharini na kupata nguvu ndipo ukaitwa Idai, ukaipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15, na siku zilizofuata mito ya Buzi na Pungwe ikafurika na kuzamisha vijiji vizima, wakati upepo wenyewe ulikuwa umekwisha kutulia.