Udongo, Mgomba na Jipsamu

Chake Chake, Jumamosi, 22 Juni 2024

Udongo umefika, mweusi, bado una mizizi. Nimewaachia watoto wauchambue wenyewe, kisha wakautia mchanga kidogo ili usipasuke ukikauka. Kazi hiyo imekula asubuhi nzima, nami nimefurahi. Mtoto aliyeukanda udongo kwa viganja vyake anajua mapema umbo gani litasimama na lipi litalala.

Nimewaonyesha picha za vigae vya Tumbe, vilivyofukuliwa kaskazini mwa kisiwa hiki hiki, vya kati ya karne ya 7 na ya 10. Wafinyanzi wale walichora pembetatu kwenye shingo za vyungu, udongo ungali mbichi. Mvulana mmoja akaokota kombe, akagandamiza ukingo wake kuzunguka mdomo wa kikombe chake. Hakuna aliyemwelekeza.

Jumapili, 23 Juni

Mzazi mmoja kaja kuuliza kama nawafunza watoto masanamu. Ni swali la haki. Nimemwonyesha vikombe, majani ya mkarafuu, makombe. Tukazungumza juu ya mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, na maandishi yake ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa kwenye matumbawe. Matumbawe yakitolewa baharini huwa laini. Fundi huyachonga mabichi, nayo hukauka yakawa magumu. Amesikiliza hadi mwisho, akasema atamleta na mdogo mtu.

Jumamosi, 29 Juni

Leo kuchonga. Wadogo nimewapa vipande vya mgomba na kijiko, wakubwa msufi na kisu kifupi. Wote wakataka ngalawa, bila shaka!

Msichana mmoja kaiweka yake kwenye beseni, ikalalia kushoto. Akanitazama, nikanyamaza. Akapunguza ubavu mzito, akairudisha, ikalala tena. Akaitoa, akaigeuza juu chini, akapima mirengu kwa vidole: mmoja ulikuwa mfupi. Akakata kijiti kipya, akakifunga kwa uzi wa gunia.

“Maalim, imesimama!”

Kwa ajili hii sipendi somo la kuiga kitu kilichowekwa mezani. Pale mtoto hungoja mwalimu amwambie ni kizuri au kibaya. Kwenye beseni anajionea mwenyewe, na anarudia bila kulazimishwa.

Jumapili, 7 Julai

Tumemimina jipsamu, ule unga wa kupigia dari, kwenye pakiti tupu za juisi, tukauchonga kwa misumari ungali na unyevu. Nikawasimulia habari ya matumbawe ya Kizimkazi. Vumbi la jipsamu si zuri kifuani, kwa hiyo tunachongea nje, upepo ukiwa mgongoni.

Jioni bibi mfinyanzi ametuchomea vikombe kwa makuti na vifuu. Vilipopoa akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, watoto wakisikiliza. Kilicholia vizuri alikiweka kulia. Chenye ufa kilitoa sauti butu, na baada ya vichache watoto wakawa wanataja kabla yake.

Wiki ijayo nimwone fundi wa majahazi Mkoani. Nataka anifulie patasi ndogo kwa misumari ya inchi sita, zenye mipini ya kuenea mikono ya watoto wa miaka minane.