Feni za Katuba na Vumbi Jekundu

Nilipoanza kujifunza ufundi kwa baba mdogo, hapa Katuba, Lubumbashi, ampli nyingi za makanisa na baa hazikuwa na feni. Joto la transista lilihamia kwenye bamba la alumini lenye mapezi, na kutoka hapo likategemea hewa tu. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, hewa hiyo yenyewe inachoma. Tena Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 12, hivyo inabeba joto pungufu. Ampli zilikuwa zikizimika katikati ya ibada.

Baadaye zikaja kompyuta kuukuu, na kila iliyokufa ilituachia feni ya volti 12. Baba mdogo alizifunga kwenye kila ampli iliyopita mezani kwake, zikizunguka kwa nguvu zote tangu swichi inapobonyezwa. Wateja walifurahi. Kiangazi kilipofika, ampli zilezile zikaanza kurudi.

Ukifungua kifuniko ulikuta blanketi jekundu: vumbi la barabarani limejibana katikati ya mapezi, limeshikana na nyuzi za nguo, na ukilikwangua kwa mswaki linabanduka kipande kizima. Feni ilikuwa imelivuta kutwa kucha, hata pale ampli ilipokuwa imewashwa bila kupigwa chochote. Baba mdogo alikigeuzageuza kipande kimoja kiganjani, akasema, "Mwanangu, hii feni inafanya kazi hata pasipo na kazi."

Tukajaribu swichi ya bimetali, ile inayojifunga yenyewe bamba likipata joto. Vumbi lilipungua, lakini feni ilikuwa ama imelala kabisa ama inanguruma, na mngurumo huo ulikuwa ukianza ghafla watu wakiwa kwenye maombi.

Themista, kizuizi kinachobadilika kwa joto, ndiyo iliyotutoa hapo. Ile ya kilo-ohm 10 katika nyuzi 25 hushuka hadi karibu 3.6 bamba likifika nyuzi 50. Tuliiunga na kizuizi cha kurekebishwa, katikati yao tukachukua waya hadi kwenye TIP122, na transista hiyo ikailisha feni. Bamba likiwa la vuguvugu, feni inapata volti nne na kitu. Likipanda joto, saba, nane. Feni nyingine hazianzi kuzunguka kwa volti nne, kwa hiyo sambamba na themista tuliweka kapasita ya maikrofaradi 1,000, inayoipa feni msukumo mkubwa wakati wa kuwasha, kisha inaiachia ishuke. Naupenda mzunguko huu hadi leo. Vipuri vyake vyote unaweza kuvitoa kwenye takataka za karakana.

Kisha umeme ukawa wa kukatikakatika, inveta na betri zikaingia majumbani, na hesabu ikabadilika. Feni ya wati 3 ndani ya inveta ikizunguka usiku kucha inakula chaji ambayo mtu angewashia taa. Kwa kanuni za feni, ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu ya kusukuma hewa inashuka hadi sehemu moja ya nane. Ila TIP122 yetu inageuza volti inazozizuia kuwa joto, na kwenye betri huo ni upotevu.

Hapo ndipo mpwa wangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), alipoleta Arduino, kompyuta ndogo ya kupangiwa programu. "Mjomba, hii haizuii umeme, inaukata na kuuwasha," alinieleza. Kwa feni za waya nne inafanya hivyo mara 25,000 kwa sekunde, na sikio halisikii kitu. Kilichonivutia zaidi ni waya wa kupimia mwendo: feni inatoa mapigo mawili kila mzunguko, na kompyuta ile ndogo inayahesabu. Mende akinasa kwenye mapanga, mapigo yanakoma, na inveta inazimwa kabla transista hazijaungua. Themista yangu haiwezi kujua kwamba feni imekwama. Itaendelea kuipelekea umeme tu.

Kwa hiyo sasa karakana yetu inafanya yote mawili. Inveta anazishughulikia mpwa wangu. Ampli za makanisa bado naziwekea themista na TIP122, maana fundi yeyote wa mitaa ya jirani, Kenya au Kamalondo, ataweza kuzitengeneza bila kutafuta programu ya mtu, na wavu wa kuzuia vumbi nauweka upande wa nje, ili mwenye ampli aweze kuuosha mwenyewe.